Kiwanja Kitupu cha Jumapili

Jumapili, 2 Machi

Nimetoka kiwanjani. Karakana ya zamani ya mabasi — magugu mpaka kiunoni, mabati ya kutu, paka watatu. Nimepiga picha arobaini za mradi wetu wa soko. Ukuta wa mashariki umetoka vizuri, mtupu kabisa.

Mtupu! Ningeenda kesho ningewakuta wanawake wanne pale ukutani na masufuria yao, wanawapikia mafundi wa magari wa ng'ambo ya barabara. Wa kwanza kulia, mwenye meko ya matofali, ni Mamkubwa. Dada yake mama. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, nikiwa na miaka sita.

Jumapili mafundi hawafanyi kazi, kwa hiyo na wao hawaji. Nalijua hilo. Ndiyo maana nimekwenda Jumapili. Haya, nimeliandika.

Jumatatu, 3 Machi

Bosi — ofisini tunamwita Bwana Rula, hata kikombe cha chai lazima akiweke katikati ya meza — alitaka twende wote kiwanjani leo. Nikamwambia nimeshakwenda, picha hizi hapa, usijisumbue. Akafurahi. Eti ninajituma.

Fomu ya matumizi ya eneo nimeijaza mimi. Swali la nne: ni nani wanaotumia eneo hili kwa sasa? Nikaandika "Hakuna". Nikageuza ukurasa.

Nijitetee kidogo, maana hapa hakuna wa kunizomea. Siku ya kwanza kazini waliniuliza habari za nyumbani, nikasema mamkubwa wangu ana mgahawa. Mgahawa! Mwavuli mmoja na mabenchi mawili. Shuleni waliniita Moshi kwa sababu sare yangu ilinuka kuni. Nilidhani yale yameisha. Sasa Bwana Rula amwone mwenye mgahawa amepiga magoti anapuliza moto? Sikuweza.

Alhamisi, 13 Machi

Mchoro umepita! Soko la muda, miezi mitatu: vibanda ishirini na vinne vya chakula, jukwaa la ngoma na mashairi katikati, ukuta wa mashariki wa wachoraji. Bwana Rula kasema mbele ya watu kwamba nina jicho. Wakapiga makofi. Kichwa kikavimba.

Halafu afisa wa manispaa, mama mmoja mwenye miwani, akasoma masharti. Walioandikwa kwenye fomu kuwa wanatumia eneo hupewa vibanda kwanza, bila kuomba. Akasema kwa bahati hapa hapakuwa na mtu, kwa hiyo vibanda vyote vimekwenda kwa wenye leseni. Maombi yamefungwa.

Sikuyajua masharti hayo. Naapa! Lakini ningeyajua ningefanya nini? Nimejiuliza mpaka saa hizi na jibu silipendi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwa Mamkubwa nikiwa nimepanga kusema yote. Keshasikia, mafundi wamemwambia. Shangwe! Kanikumbatia mlangoni, mikono imejaa unga. "Kidomo wangu!" — ndivyo anavyoniita, utotoni nilikuwa sinyamazi — "Si ungeniambia? Nimewaambia wenzangu tulieni, anayechora hilo soko ni mwanangu. Mwanangu hawezi kuniacha juani."

Mama wa Viazi alikuwepo, huyu ndiye anayepika jirani naye pale ukutani. Akauliza vibanda vyao nimevichora upande gani. Usituweke karibu na choo tu, akasema. Tukacheka wote. Mimi nikacheka kuliko wote!

Nimekula sahani mbili, nimeaga, nimeondoka. Tumbo limejaa chakula chake na uongo wangu.

Jumatano, 19 Machi

Wameanza kuzungushia mabati. Nilikwenda na Bwana Rula kukagua. Wale wanne wamesukumwa mpaka ukingoni mwa mtaro, masufuria juani. Mamkubwa akaniona. Akainua mwiko juu. "Kidomo! Kidomo!"

Nikaweka simu sikioni. Hakuna aliyenipigia. "Ndiyo, ndiyo, nakusikia," nikasema, nikampita kwa umbali wa hatua nne hivi. Bwana Rula akauliza, yule mama anakuita wewe? Nikamjibu hapana, ananifananisha.

Ananifananisha! Kwa mdomo huu huu aliokuwa akiulisha.

Nilipogeuka ameshashusha mwiko, anakoroga. Hakunitazama tena.

Alhamisi, 20 Machi

Hajapiga simu. Wala mimi.

Jumapili, 23 Machi

Nimeandika barua ya kusahihisha fomu. Nikaichana. Nikaandika nyingine, hii iko kwenye mkoba. Nikiitoa, mradi unasimama, Bwana Rula anaumbuka, na mimi kwaheri — niko kwenye majaribio ya kazi mpaka Aprili. Nisipoitoa, wale wanne wanaondolewa hata hapo mtaroni soko likifunguliwa. Siri ya maiti aijuaye mwosha, na hapa mwosha ni mimi. Keshokutwa kuna kikao cha maoni ya wananchi. Nitaisoma pale. Lazima.

Jumanne, 25 Machi

Naandika chooni, ukumbi wa manispaa. Mapumziko ya dakika kumi. Zimebaki kama sita.

Mama wa Viazi ndiye aliyeanza. Kasema wamepika pale ukutani miaka kumi na mmoja, hawakatai soko, wanaomba vibanda vinne tu. Afisa akafungua faili: fomu inasema hapakuwa na mtu. Nani aliijaza? Bwana Rula akanigeukia. Si kwa ubaya, anangoja tu nijibu. Nikaishika barua humo mkobani, sikuitoa. Ardhi ipasuke inimeze — haikupasuka!

Ndipo Mamkubwa akasimama. Kavaa lile gauni lake la kuendea harusi za watu. Upande wangu hakutazama kabisa.

"Mimi huyo binti simjui," akasema, "lakini tusimwonee. Sisi pale hatukai siku zote. Leo tupo, kesho hatupo. Angetuonaje? Alichoandika ni sawa."

Uongo mtupu. Ukiacha Jumapili, hajakosa siku. Alipika na homa, alipika hata wiki aliyomzika mume wake, maana mimi nilikuwa na mtihani na lazima nile. Mama wa Viazi akamgeukia, mdomo wazi: "Wewe! Una wazimu?" Mamkubwa akamvuta mkono, akamketisha.

Afisa akaandika. Akasema tukirudi, aliyejaza fomu athibitishe kwa mdomo wake, iingie kwenye kumbukumbu, na suala la ukuta lifungwe moja kwa moja.

Kwa hiyo anajua kuwa namwonea aibu. Pengine tangu siku ile ya simu, pengine tangu zamani, tangu nilipoacha kwenda kumsalimia pale ukutani mchana. Na amekuja kuniokoa na gauni la harusi! Kibanda chake na vya wenzake watatu kavitupa pale pale.

Na niseme kweli, maana wa kunisikia hayupo: alipomaliza, nilishusha pumzi. Nilifurahi! Sekunde mbili nzima nilifurahi. Mimi ni mtu wa namna gani?

Barua ninayo, imelowa jasho. Nikiisoma sasa, namfanya yeye mwongo mbele ya ukumbi mzima. Nisipoisoma —

Mlango unagongwa. Taratibu.

"Dada, umo humo? Wanakuita."

Korido imejaa watu, nawasikia. Sauti ni ya Mamkubwa. Ananiita dada —