Ukuta wa Unga wa Tolliver

Jumamosi, 7 Oktoba 1978
Nimempeleka Mama dirishani kama kila siku. Kituo cha wazee kinatazamana na duka langu la vitambaa, na ubavuni mwa duka ndipo lilipo tangazo alilopaka Baba mwaka 1931: UNGA WA TOLLIVER, kila herufi ndefu kuliko mtu. Limefifia mno. Mvua ikinyesha ndipo linasomeka vizuri.
Mama hanijui tena. Ananiita dada. Lakini ukuta anaujua, na anadhani Baba bado yuko juu ya ngazi.
"Orrin hashuki mpaka amalize," aliniambia. "Sisi tule tu."
Akala. Bila ukuta ule hagusi hata kijiko. Na herufi T inaondoka — sitakubali!

Jumapili, 15 Oktoba
Nimenunua madebe manne ya vanishi, ile isiyopitisha maji. Clete, mwashi wa mtaa huu, alikuja kunizuia. Anadai tofali la kale linapumua. Ukiliziba, unyevu unabaki ndani, baridi ikija unaganda na kulipasua. Nikamjibu kwamba nimekua nikikoroga rangi za Baba, simhitaji mtu wa kunifunza ukuta. Akavaa kofia yake akaenda zake.
Nimepaka wote. Loh, rangi zimefufuka! Hata jina la Baba, dogo, kwenye pembe ya chini, kama wachoraji wa matangazo ya kuta walivyokuwa wakiacha majina yao. Nimelia pale pale barabarani.

Jumanne, 2 Januari 1979
Baridi ya kuua. Vipande vyekundu juu ya theluji, chini ya ukuta. Nimevifagia upesi kabla Clete hajapita.

Jumatano, 17 Januari
Siku tatu za jua, theluji ikayeyuka. Kisha baridi ikarudi kwa kishindo. Leo asubuhi nyuso za matofali zimebambuka — mamia! Unga wote, Tolliver yote. Imebaki nyama nyekundu ya tofali, haina hata doa la rangi. Jina la Baba nimeliokota likiwa vipande viwili.
Clete alikuja na toroli, akazoa vipande, akafagia. Heri angenitukana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi nimevunja la Mama.
Nimewaomba wauguzi wasifungue pazia lake. Jioni alikula kidogo, kwa kubembelezwa.

Ijumaa, 19 Januari
Muuguzi mpya hakuambiwa. Kafungua pazia.
Nilipofika, Mama alikuwa amekaa wima, nywele kazichana mwenyewe, macho kwenye ukuta mtupu. Nilijua atalia. Wapi! Anatabasamu.
"Amemaliza," alisema. "Ameshashuka. Dada, mwekee sahani."
Haoni tena herufi, basi kwake kazi imekwisha. Nikaweka. Supu ya kuku, mkate, siagi. Nikamsogezea kijiko chake, akakirudisha mahali pake. Mtu mwenye adabu hawezi kuanza kula na mumewe yuko njiani, anasema, na ananishangaa mimi sijafunzwa.
Hiyo ilikuwa saa sita mchana. Sasa saa kumi. Hata maji hataki. Muuguzi ananishauri nimwambie ukweli. Upi? Kwamba Baba alikufa miaka ishirini iliyopita, au kwamba ukuta nimeuua mimi? Naogopa yote mawili.
Kila mlango ukilia anageuka, anaiweka sawa kola yake. Supu nimeipasha mara mbili. Nyayo zinasikika tena huko ukumbini — Mama anainuka —