Rangi ya Chini ya Kitanda

Mama,

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma kwa sababu chumba chako hakijakauka. Rangi ya mafuta unaijua, haina haraka.

Kilio kilipokwisha ndugu waligawana vitu vyako. Kitanda alipewa Mama mdogo. Kilifunguliwa vipande vipande, kikafungwa kwenye baiskeli mpaka stesheni, kikapanda treni kwenda Kaniama. Mimi nilishika mlango wapite. Sikuhisi kitu. Watu wananiuliza kama nimelia, najibu ndiyo ili waniache.

Kisha Mjomba, kaka yako, akaikanyaga sakafu kwa kisigino na kukata shauri. "Hii mbao iko ya kizamani. Tutie simenti, mambo biishe." Nikamwomba aniache nijaribu kwanza. Tangu Baba afariki ni wewe uliyeipaka rangi kila mwaka kabla ya Noeli, magoti chini, ukimtishia kwa brashi kila aliyethubutu kuchungulia. Simenti juu yake sikuitaka. Hilo tu nililijua.

Mbao mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, nikazibadilisha. Zilizobaki nilizikwangua palipochakaa kwa kipande cha chupa, kisha msasa, mpaka vidole vikafa ganzi. Nilipenda kazi hiyo. Haiulizi unajisikiaje.

Mlangoni na dirishani rangi ilikuwa imekwisha kabisa. Palipokuwa na kitanda tu ndipo ilibaki nzima, nyekundu, yenye umbo la kitanda chenyewe. Nikakumbuka ulivyotuamuru tukisogeze, nasi tukinung'unika kwamba hakuna mgeni atakayeinama huko. "Mungu iko anaona mpaka chini ya kitanda," ulisema, ukachovya brashi.

Nilibandua hapo kipande kidogo cha rangi, nikakipeleka sokoni. Muuzaji alichanganya nyekundu na nyeusi, akaongeza, akapunguza, mpaka ikalingana. Nikapaka chumba chote, na palipokuwa na kitanda pia, ili ing'ae sawa.

Asubuhi hii Mjomba alisimama mlangoni, akatazama weee, kisha akasema simenti basi, ibaki hivyo. Tumeshinda, Mama. Nilidhani ningefurahi.

Alipoondoka nilitafuta kwa macho ulipokuwa unalala. Sikupaona. Kutoka ukuta hadi ukuta ni nyekundu moja. Ilikuwa imebaki alama moja ya kitanda chako humu ndani, nami nimeifuta kwa mkono wangu, tena vizuri sana, bila hata kufikiri. Nilisimama mlangoni na brashi. Machozi hayakuja. Nikafunga kopo.

Pumzika, Mama. Sina maneno mengi, nina ahadi tu. Ikikauka nitatandika mkeka humo na kulala, leo upande huu, kesho upande ule, mpaka niwe na hakika kwamba nimelala palipokuwa pako.

Mwanao,
Kabange