Kitabu Kilichokataa Kufunguka

Gisenyi

Mjukuu wangu Aline,

Barua yako imetufikia, na sisi tuko wazima. Minibasi za Kanama zimeanza kupita tena, na shangazi yako anarudi kutoka Goma kila jioni na kitunga kitupu kichwani, ameuza vyote. Tumepumua.

Unauliza kama mimi pia niliwahi kuharibu kitabu nilipokuwa ninajifunza kuvishona kwa mkono, maana wewe umeharibu cha kwanza na unataka kuacha. Niliharibu, tena kitabu cha nyimbo cha kwaya. Mtawa mzee wa Nyundo, tuliyemwita Masere, alinionyesha kupaka uzi nta na kupitisha sindano katikati ya karatasi zilizokunjwa. Lakini mkono wangu ulizoea kusuka vitunga, donc nilivuta uzi kwa nguvu zangu zote. Kitabu kikawa kigumu kama ubao. Ukikifungua, kinajifunga chenyewe.

Nilingoja anifukuze. Akacheka, akanipa makasi.

"Binti, hii ni kitunga umesuka. Kitabu, mutu anataka kuifungua. Kata uzi tu, karatasi iko muzima."

Nikakata, nikashona upya kwa mkono mwepesi. Jumapili kiongozi wa kwaya alikifungua juu ya meza, akaondoa mkono wake, nacho kikabaki wazi. Wenzangu waliimba ubeti mzima bila mimi, maana nilikuwa nakitazama tu kile kitabu.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kipande cha nta ya nyuki kutoka Kanzenze. Makasi unayo.

Bibi yako