Bilauri ya Kila Jioni

3 Machi

Binti yangu,

Natumaini u mzima huko hospitalini unakofua mashuka, na mikono haijachubuka tena kwa sabuni. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti.

Mwanao ana miaka tisa na hajui jedwali la mara mbili. Jana alilijua, leo limetoweka. Nikimtuma chumvi huleta kiberiti. Nimemchapa, wala fimbo haikumfunza kitu. Daktari alimpima kichwa, akautazama mdomo wake mwembamba, akauliza kama mama yake alikunywa pombe akiwa mjamzito. Anasema pombe humjeruhi mtoto ubongo tangu tumboni, na jeraha hilo haliponi; ataishi nalo hadi uzeeni. Akithibitisha, mtoto atapata darasa la msaada. La sivyo, mwalimu mkuu atamfukuza mwisho wa muhula.

Niambie ukweli. Sijui ulevi ulijifunzia wapi.

Mama yako

19 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na magoti. Barua yako imenifanya niunguze shuka kwa pasi.

Ulevi? Nilipoambiwa damu imepungua, wewe ndiye uliyeleta divai nyekundu, bilauri moja kila jioni, miezi sita. Nilisema inanizungusha kichwa. Ukasema, “Kunywa, acha kudeka, mimi nimezaa watano.” Ukasimama mlangoni mpaka niimalize.

Hukujua, sikulaumu. Nakulaumu kwa fimbo. Mwambie daktari.

Binti yako

7 Aprili

Binti yangu,

Salamu. Magoti hayajambo.

Divai ile ilikuwa dawa. Kila mzazi mwenye akili aliitoa. Daktari huyo nilimfundisha sarufi, na mpaka leo husimama nikiingia. Nimemwambia hukunywa. Mtoto ni mvivu tu, atakua.

Mama yako

30 Agosti

Shikamoo Mama,

Nimesikia kwa jirani kwamba mwanangu amefukuzwa shule, na kwamba anashinda uani akichambua mchele uleule.

Nimemwandikia daktari kwamba nilikunywa kila jioni, miezi sita. Aliuliza nani alinipa. Nikajibu, nilijimiminia mwenyewe. Heshima yako iko salama.

Amethibitisha. Shule ya huku ina darasa la msaada, nao wamekubali kumpokea. Nakuja Jumamosi. Mfungie nguo zake umlete nje, barazani. Mimi sitaingia ndani.

Mama yake