Kaseti ya Walimu na Siku Niliyotoka Nyumbani Mwako

Ngalula, rafiki yangu,

Darasa lako la tatu wamelichanganya na langu. Watoto tisini. Hawaulizi tena utarudi lini.

Tangu siku ile sijaangalia video. Ile kaseti yetu ya mchezo wa walimu ilikuwa imenakiliwa mara nyingi mno, hata nyuso zao zilikuwa kama zimepakwa uji. Direkta wao, mkuu wa shule ile, tulimjua kwa kikohozi tu. Lakini kila Jumamosi baada ya masomo tulikaa mbele ya televisheni ya mume wako, wewe, mimi na mwalimu mwenzetu Kalenga wa darasa la tano, tukicheka, maana walimu wale waligombania chaki kama sisi. Kila alipotokea yule mwalimu mwenye kusinzia darasani, ulimwambia Kalenga, "Huyu njo weye." Naye alicheka kutushinda.

Halafu mjini wakaanza kusema Wakasai, watu wenye asili ya Kasai kama ninyi, waende kwao. Kalenga akaacha kuja. Wewe uliyezaliwa hapa hapa Kamina ukaniambia yatapita.

Hayakupita. Jumamosi ile mume wako alikuwa ameshawapeleka watoto stesheni. Ulibaki kufunga mizigo, nami nilikuja kukusaidia. Ukawasha kaseti, ukasema tucheke mara ya mwisho. Ndipo Kalenga akaja na vijana sita, na mapanga, na vyuma vya njia ya reli. Walivunja mlango. Kalenga alinitazama mimi, si wewe.

"Weye uko mutoto wa hapa. Toka. Shiye tunatafuta huyu."

Ulishika liputa niliyojifunga kiunoni. Ngalula, nilifungua vidole vyako kimoja kimoja. Nikatoka.

Barabarani nilisikia chuma kikipiga. Uliita jina langu mara mbili, na watu wa kaseti walikuwa wakicheka. Mara ya tatu hukuita.

Niliporudi, Kalenga alinipita mlangoni na televisheni kifuani. Kichwa chako kilikuwa kimepasuka, damu imefika mpaka chini ya kabati. Nilikuosha mimi. Nilikuzika pamoja na mama wawili wa kanisa lako, bila wimbo, kwa sababu tuliogopa.

Sasa Kalenga ndiye direkta wetu. Kila asubuhi ananipa mkono, nami naupokea. Kuna siku nauona mkasi juu ya meza yake, naiangalia shingo yake, halafu naenda darasani.

Juzi ilifika barua kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai. Ni ya Mbombo, binti yako mkubwa. Ameandika: "Mama Ngoie, mama alikufa namna gani? Weye ulikuwako?" Nimejaribu kumjibu mara nne. Mara zote nne niliandika kwamba nilikuwa sokoni. Barua hizo zote nimezichoma.

Pumzika, dada. Kesho nitaandika ya tano na kuipeleka mwenyewe kwenye treni. Nitamtajia jina la Kalenga. Na nitamwambia kwamba nilikuwako, ukaniita, nikaendelea kutembea.

Ngoie