Kabichi Zisizofunga

Jumatatu, 3 Juni
Baba amefika. Kaka kamshusha getini na begi moja, hata chai hakunywa. Moyo wa baba umechoka. Daktari kasema asishike jembe tena. Maisha yake yote kalima kabichi za kula. Mimi nauza za mapambo — za zambarau, nyeupe, watu huweka kwenye vyungu mlangoni. Kazitazama kitaluni, kisha: mbona hazifungi? Nikamwambia hizi hazifungi, baba, hukaa wazi hivyo hivyo kama waridi. Akaguna. Mguno huo naujua tangu nilipoliacha shamba lake.

Jumatano, 5 Juni
Mvua kutwa. Uji kauacha. Natamani aseme neno moja zuri kuhusu kazi yangu kabla hajaenda. Basi, nimeshaandika.

Alhamisi, 6 Juni
Mungu wangu! Narudi sokoni, nakuta kitalu kizima kimevishwa vilemba. Baba kakunja majani ya kila kabichi, kayabana kwa vitambaa. Kachana shati lake. Eti ndivyo zinavyosaidiwa kufunga zilizozubaa. Majani yamevunjika, maji yametuama ndani. Na mpambaji wa harusi anazitaka Jumamosi! Nikafoka. Nikamwambia amekuja kunimaliza. Alikaa juu ya ndoo, akakunja kitambaa kilichobaki.

Jumapili, 9 Juni
Yuko hospitali tangu juzi. Alianguka akienda bafuni. Mpambaji kanunua kwingine; leo ndipo nimefungua vile vitambaa. Nyingi zimeoza katikati. Alidhani mazao ya mwanawe yameshindwa, akachana shati aniokoe. Na mimi nikamfokea mzee wa watu. Nimelia hadi kichwa kinauma.

Jioni kaniuliza kwa sauti ndogo: zimefunga? Zimefunga, baba. Basi niletee moja niione.

Jumatatu, 10 Juni
Nimepitia sokoni, nikanunua kabichi ya kula, ngumu, nzuri. Kaibonyeza kwa kidole gumba mara moja tu. Hii ya sokoni, kasema. Mwongo we. Kidogo acheke. Kisha kanishika mkono: niletee ya kwako, hivyo hivyo ilivyo.

Jumanne, 11 Juni
Asubuhi. Iko moja iliyopona, ya zambarau, majani wazi yote. Nimeikata, nimeifuta matope.

Simu inaita. Kaka — ndiye aliyelala naye wodini. Huyu hata salamu hatumi kabla ya saa nne.

Inaita tena. Natafuta mfuko mpana, usiobana majani.