Sinia Litasubiri

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Shangazi yako wa Isevya amejifungua salama. Usicheke mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umejikunja tangu nipate kiharusi.

Unauliza kama nitakubali sindano ya kulegeza misuli. Enzi za Ujamaa baba yangu alipata kiharusi hapahapa Ng'ambo, mkono ukakakamaa hivihivi. Ndugu wakamletea kijiko, ale peke yake. Akakitupa uani! Kila mlo mama alimkanda kwa maji ya moto, akimnyoosha kidole kimoja kimoja, na sinia letu halikuguswa mpaka baba atie mkono kwanza.

Sindano nitachoma, na mazoezi nitafanya. Ila ukija, ole wako uniwekee kijiko. Sinia litasubiri.

Bibi yako mkaidi